Namba Juu ya Mstari

Mchoro wa mia moja tisini na nane ulikuwa wa daraja dogo la Nalasi, na ulikuwa na alama nne za njano. Nilianza na ya kwanza. Nilipeleka mshale juu ya namba, nikasubiri, na toleo jipya likafungua kidirisha chake: kipimo kilichoandikwa, 2400, kipimo cha mstari wenyewe, 2385. Chini yake kulikuwa na vitufe viwili. Ukibonyeza Rekebisha, namba inafutika na kuandikwa upya kwa kufuata mstari. Ukibonyeza Kubali, namba inabaki ilivyo na programu inanyamaza.

Nilifungua daftari la vipimo la Nalasi, nikatafuta ukurasa, nikakuta mzee Beda ameandika 2400 kwa kalamu yake ya risasi. Kwa hiyo namba ndiyo ilikuwa sahihi, mstari ndio ulikuwa umesogea kidogo. Nikasogeza mstari. Alama ya njano ikaondoka. Nikaenda kwenye ya pili.

"Dada Walburga, bado tu?" Judica aliniuliza kutoka meza ya pili. Alikuwa ametumwa na kampuni iliyotuuzia programu, kuja kutuwekea toleo jipya na kutufundisha kwa siku nne. Hii ilikuwa ya tatu. "Kuna kitufe cha kurekebisha zote. Kimoja tu. Ungekuwa umeshakula."

"Nitakula."

"Jana ulisema hivyohivyo, ukala saa kumi. Unaitumia programu ya kisasa kama unachambua mchele."

"Una mawe huu," nikamwambia, na yeye akacheka.

Ofisi yetu iko ghorofani, juu ya fundi cherehani, na kwa miaka mingi ilikuwa na leseni moja tu ya programu ya kuchorea. Leseni ile ilikuwa ya jina la mzee Beda, mchoraji wetu. Aliyekaa kwenye ile kompyuta, awe nani, alifungua kwa jina la Beda, na kila mchoro uliotoka uliandikwa pembeni: Mchoraji, Beda. Hakuna aliyeona tatizo. Mimi niliajiriwa kupokea simu na kutoa kopi. Nikawa nasimama nyuma ya kiti cha Beda wakati wa chakula cha mchana, naangalia, mpaka siku moja akasimama akasema kaa. Chuo changu kilikuwa kile kiti. Toleo jipya lenyewe lilikataa mambo hayo. Kila mtu jina lake na nywila yake. Jumatatu, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, niliona jina langu kwenye skrini.

Kazi niliyopewa ilikuwa kuhamisha michoro ya zamani, mia mbili na kumi na nne, kutoka toleo la zamani kwenda jipya. Mteja alitaka seti nzima kesho yake saa sita mchana, isiyo na onyo hata moja. Onyo lenyewe lilikuwa hizo alama za njano. Toleo jipya lilikuwa na tabia ambayo la zamani halikuwa nayo. Lilipima kila mstari na kuulinganisha na namba iliyoandikwa juu yake, na pale ambapo mtu aliandika namba kwa mkono bila kusogeza mstari, lilipaka njano. Kila ukimaliza mchoro, lilionyesha alama ya kijani na ua dogo linalochanua. Siku ya kwanza nililipenda lile ua.

Harufu ndiyo sikuipenda. Injinia Anselmo, bosi wetu, alikuwa ametoka Mbamba Bay Jumapili na mfuko wa dagaa wakavu, akauweka chini ya meza yake ukisubiri mtu wa kuupeleka Dar. Mtu hakuja. Nilijiambia kwamba ofisi ni yake na dagaa ni chakula. Jumanne nilihamisha meza yangu karibu na dirisha. Jumatano, pamoja na baridi yetu ya Juni, nililifungua dirisha nikakaa nimevaa koti.

Nilimaliza Nalasi. Nikafanya mia moja tisini na tisa, na mia mbili, na mbili zilizofuata. Kisha nikafungua wa mia mbili na tatu. Ulikuwa Kalavati la Namkeke.

Nilikaa nikauangalia kabla sijagusa kitu. Namkeke ni kijito kilichoko kwenye barabara ya mashambani, nje ya Lusewa. Kalavati letu la pale lilijengwa mwaka juzi wakati wa kiangazi, na Machi iliyofuata maji yalilibeba pamoja na barabara yake. Dereva mmoja wa bodaboda alitumbukia alfajiri akavunjika nyonga. Mpaka leo anatembelea magongo. Kikaitwa kikao hapa ofisini. Ikaonekana kuwa bomba lilikuwa la milimita mia sita wakati maji ya Namkeke yanahitaji mia tisa. Mchoro ulisema mia sita. Pembeni uliandikwa Beda.

Nilikuwepo kwenye kikao kile, mimi ndiye niliyetoa kopi. Mzee Beda aliishika ile karatasi muda mrefu. Akavua miwani, akaivaa tena. Nilidhani atabisha, kwa sababu Beda hakuwahi kukubali namba bila kuirudia. Lakini alisema tu, "Kama ndivyo ilivyoandikwa na jina ni langu, basi ni mkono wangu. Nimezeeka." Mwezi wa tano alirudisha ufunguo akaenda Maposeni kulima mahindi.

Mchoro wa Namkeke ulikuwa na alama moja tu ya njano. Nilipeleka mshale juu yake. Kipimo kilichoandikwa, 600. Kipimo cha mstari wenyewe, 900. Na chini, kwa herufi ndogo, tarehe ya mara ya mwisho mtu alipougusa: tarehe nane Agosti mwaka juzi, saa tisa na dakika ishirini alasiri.

Nilichukua kipimio cha programu nikapima mwenyewe kutoka ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani. Mia tisa kamili. Nikapima tena. Nikapima unene wa ukuta wa bomba, na kina cha udongo juu yake, na kuta za pembeni. Vyote vilikuwa vya bomba la mia tisa. Beda alikuwa amechora mia tisa. Michoro yetu yote ina maneno chini yake, aliyaweka yeye mwenyewe: usipime kwenye karatasi, fuata namba. Kwa hiyo kwenye kikao hakuna aliyepima. Hata yeye.

Nane Agosti ni Nane Nane. Ofisi ilikuwa imefungwa. Beda alikuwa Mbinga kumzika dada yake, alikwenda tangu Jumatatu ya wiki ile. Ufunguo wa pili nilikuwa nao mimi.

Ningependa kusema nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi kwa jirani, nusu ya kichwa imeshasukwa, Injinia akapiga simu. "Walburga, ruka ofisini dakika kumi. Kalavati la Namkeke, pale palipoandikwa mia tisa weka mia sita. Mkandarasi ana mabomba ya mia sita. Ni ya kuagizia tu, mzee akirudi ataliweka sawa." Nikajifunga kitambaa nikaenda. Kubadilisha bomba kwenye mchoro kulihitaji siku nzima, na wakati ule nilikuwa sijui kufanya hivyo. Nikafanya kitu ambacho Beda alinikataza tangu siku ya kwanza niliyokaa kwenye kiti chake. "Sogeza mstari, namba itakuja yenyewe," ndivyo alivyokuwa akisema. Mimi niliandika namba juu ya mstari, nikatoa kopi tatu, nikarudi kumalizia nywele.

Mwaka ule nilibadilisha namba nyingi kwa maneno ya simu. Siku ya kikao wazo lilinijia, nikaliambia kwamba sina hakika. Nikalirudia usiku ule na siku zilizofuata, sina hakika, mpaka likaacha kuja. Sasa hakika ilikuwa mbele yangu, ya njano, na saa yake na dakika zake.

Hotipoti langu la makande lilikuwa kando ya skrini. Nilifungua kifuniko, nikaona mafuta yaliyoganda juu ya maharage, nikafunga.

Injinia Anselmo aliingia saa tisa na nusu akitoka kula. Ni mtu mpole, sijawahi kumsikia akifoka. Alikuwa na njiti mdomoni.

"Umefika wapi, mama?"

"Mia mbili na tatu. Injinia, njoo uone hii kidogo."

Akaja akainama nyuma yangu, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti.

"Ni nini hii?"

"Namkeke. Mstari ni mia tisa. Namba ni mia sita. Tarehe ni Nane Nane."

Akahamisha njiti kutoka upande mmoja wa mdomo kwenda wa pili.

"Si lilishajengwa jipya pale?"

"Lilijengwa."

"La ngapi?"

"Mia tisa."

"Basi. Bonyeza Rekebisha, iwe mia tisa. Mchoro utafanana na kalavati lililopo. Kuna ubaya gani?"

Mimi si mwepesi wa kujibu. Nililichukua swali lake kama lilivyo, nikalitafutia ubaya, na kwa dakika moja sikuuona. Kalavati la mia tisa, mstari wa mia tisa, namba ya mia tisa. Kila kitu kingekubaliana na kila kitu. Kilichonitisha ni jinsi lilivyokuwa jambo safi.

"Mzee Beda alisema ni mkono wake," nikasema.

"Alisema mwenyewe. Kuna mtu alimlazimisha?"

"Ulinipigia simu, Injinia."

"Nilikupigia, sikatai. Nakupigia simu nyingi. Lakini mimi hiyo programu hata kuiwasha siijui, si unajua?" Akatabasamu. "Sasa aliyeandika ni nani?"

Alisema taratibu, karibu kwa huruma, kama daktari anayekupa majibu. Akaniwekea mkono begani. Mkono ulinuka dagaa. Lazima alikuwa amepita chini ya meza yake kuchota kidogo, alikuwa na desturi hiyo, kutafuna wawili watatu baada ya chakula.

"Sikiliza, Walburga. Wewe ni mchoraji mzuri, na chuo hukusoma. Ofisi gani nyingine hapa Songea itakupa meza? Na mzee wa watu ameshatulia na shamba lake. Kwa nini umfukulie mambo? Kesho saa nne Judica anaifuta ile kompyuta ya zamani, saa sita seti inakwenda kwa mteja. Sitaki njano hata moja."

Akapigapiga bega mara mbili akaenda mezani kwake. Nikasikia mfuko wa plastiki ukichakacha.

Judica alikuwa bado anafunga waya. Nilimsogelea.

"Nikibonyeza Rekebisha, ile namba ya kwanza inabaki mahali?"

"Haibaki. Ndio uzuri wake."

"Na kwenye kompyuta ya zamani?"

"Kesho inakuwa kama imetoka dukani. Bosi anampa shemeji yake." Akanitazama. "Kitakachobaki ni jina la aliyebonyeza. Siku hizi kila mtu na lake, dada. Si ule mtindo wenu, ofisi nzima inaitwa Beda."

Alisema kwa utani, na ulikuwa utani mzuri. Nilijaribu kucheka.

Nilirudi kwenye kiti. Niliuruka wa mia mbili na tatu nikaendelea na wa nne, wa tano, wa sita. Sijui kufanya kazi kwa namna nyingine. Nilifungua daftari, nikapima, nikasogeza mstari au nikaiacha namba. Kila mchoro ulipoisha lile ua lilichanua, na kila lilipochanua nililichukia zaidi. Kwenye wa mia mbili na tisa nilifunika ile kona ya skrini kwa kipande cha karatasi. Nilimfikiria Injinia nikajaribu kumwona kama mtu aliyekosea, kama nilivyojaribu siku zote, na picha iliyokuja ilikuwa ile njiti ikihama mdomoni. Nikajifikiria na mimi, kopi tatu mkononi na nusu ya kichwa imesukwa. Hakukuwa na upande ambao ningegeukia nisione kitu cha kunitia kinyaa.

Saa kumi na robo nilimaliza wa mwisho. Kwenye skrini ikaandikwa: michoro 213 imekamilika, mmoja umebaki.

Niliufungua tena Namkeke, nikapima mara ya tatu. Kisha nikachukua simu nikatoka kwenye ngazi.

Iliita muda mrefu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?" Nyuma yake kulikuwa na mngurumo.

"Walburga."

"Walburga! Tunapukuchua hapa, mashine iko karibu. Sema kwa sauti."

Watu wanaonijua wanajua kwamba sina sauti. Kwenye simu huwa naombwa kurudia. Niliangalia chini, fundi cherehani alikuwa anakanyaga mashine yake, mlango wa ofisi uko wazi nyuma yangu. Nilisema tena kwa sauti yangu.

"Sikusikii, mwanangu. Paza."

Nikapaza.

"Kalavati la Namkeke ulichora mia tisa! Mia sita niliandika mimi!"

Cherehani ya chini ilinyamaza. Ndani ya ofisi mfuko wa plastiki ulinyamaza. Maposeni mashine iliendelea kunguruma kidogo, kisha nikamsikia akimwambia mtu zima, zima hiyo, na nayo ikanyamaza.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Safari hii sikuhitaji kupaza lakini nilipaza.

"Mstari ni mia tisa?"

"Mia tisa kamili."

"Umepima mara ngapi?"

"Tatu."

"Ukingo wa ndani?"

"Wa ndani. Na ukuta wa bomba nimepima, na udongo wa juu."

Nilimsikia anapumua. Mtu mmoja upande wake aliuliza jambo kwa Kingoni, hakumjibu.

"Nani alikwambia uandike?"

"Injinia, kwa simu. Ilikuwa Nane Nane. Wewe ulikuwa msibani."

"Na siku ya kikao ulikuwa umesimama pale mlangoni na kopi."

"Nilikuwepo."

Nilisubiri anitukane. Ingekuwa nafuu.

"Tangu mwaka jana magunia anahesabu mke wangu," akasema. "Mimi nilishaacha. Nahesabu, halafu siamini. Jana mjukuu ameniuliza saba mara nane, nikamwambia kamuulize bibi yako."

Nilihamisha simu kwenye sikio la pili.

"Usibonyeze kitu," akasema.

"Sibonyezi."

"Nakuja kesho. Nataka niuone huo mstari kwa macho yangu."

"Injinia anataka saa nne..."

"Saa mbili nitakuwa hapo."

Akakata. Hakuniaga, na kwa jinsi ninavyomjua, hakuwa amesahau.

Nilipogeuka, Injinia Anselmo alikuwa amesimama mlangoni. Njiti hakuwa nayo tena.

"Umemaliza?" akauliza, bado kwa upole.

"Umebaki mmoja."

"Umalizie basi. Kazi ya sekunde moja hiyo."

"Kesho."

Alinitazama, akaingia ndani mpaka mezani kwangu. Aliinama mbele ya skrini. Niliona mkono wake ukienda kwenye kipanya, ukakisukuma kushoto, mshale ukakimbia hadi pembeni ukapotea. Akakisukuma tena. Kwa miaka kumi na tano alikuwa ametia sahihi michoro yote iliyotoka hapa, na hakujua mshale umekwenda wapi.

"Judica," akasema. "Wewe si unaweza?"

"Inataka nywila yake, bosi." Judica hakuinua macho kutoka kwenye begi lake. "Na mimi kazi yangu kusakinisha. Mchoro wa mtu sigusi." Akafunga zipu. "Na ile ya zamani nitaifuta saa nne, kama ulivyosema. Si kabla."

Injinia akasimama hapo kidogo zaidi. Kisha akasema, kama anayezungumza na mfuko ulioko chini ya meza, "Huyu wa dagaa naye haji," akachukua koti lake akashuka ngazi.

Nilikaa. Programu iliniuliza kama nataka kuendelea na mchoro uliobaki baadaye. Nikajibu ndiyo, nikatoka kwenye jina langu. Daftari la vipimo la Namkeke nililitoa kabatini nikalitia kwenye mkoba wangu chini ya hotipoti, kwa sababu bado sikumwamini mtu yeyote mle ndani, na mimi nikiwemo. Dirisha nililiacha wazi. Nikafunga mlango kwa ufunguo wangu, nikaujaribu, nikaujaribu mara ya pili.

Chini fundi cherehani alinitazama kama anataka kuuliza. Nikamsalimu nikapita. Harufu ya dagaa ilikuwa kwenye koti langu, upande wa bega, na ilinifuata hadi nyumbani.